Kodi ya uwanja, risiti ya maziwa

Mhariri,

Wapo wanaowalaumu wapigakura wa Jackson County, Missouri, kwa kuikataa kodi ya viwanja Aprili 2, 2024. Mimi siwalaumu. Waliombwa kulipa asilimia 0.375 kwenye manunuzi kwa miaka 40, ili Royals, timu ya besiboli, wapate uwanja mpya katikati ya jiji letu la Kansas City, hukuhuku Missouri, na Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani, waukarabati uwanja wao wa Arrowhead. Kodi hiyo haikuulizi kama unapenda michezo: mama mwenye maziwa kaunta hukatwa kiwango kilekile na tajiri mwenye chumba chake uwanjani. Asilimia 58 hivi wakakataa.

Kule jimbo jirani la Kansas, Juni mwaka huohuo, wabunge waliruhusu hati fungani, yaani mikopo ya jimbo, zigharimie hadi asilimia 70 ya uwanja ili kuzivuta timu hizo. Mwananchi hata hodi hakupigiwa.

Msomaji wenu,
Kansas City