Mama Nuru, kuhusu operesheni yako

Shoga yangu,

Salamu nyingi, na watoto wote wasalimie, na mzee pia. Sisi hatujambo. Najua nimekuwa kimya na simu zako nyingine hata sikuzirudisha. Hilo utanigombeza ukishapona, kwa sasa nina neno.

Ujumbe wako umeninyima raha. Siyo ile habari ya kutolewa kizazi, maana ule uvimbe ulivyokuwa ukikumaliza damu kila mwezi, tulijua siku hiyo itafika. Kilichonishtua ni pale uliposema shangazi keshapanga kila kitu: ukitoka chumba cha upasuaji utalala chali wiki nzima bila kuguswa, hutaonja chochote mpaka utumbo ufunguke, na yeye atakaa mlangoni kuhakikisha. Shangazi nampenda, unajua. Lakini hapo mlangoni naomba aondoke.

Mama Nuru, usilale. Nakuambia kama nesi wa wodi ya wanawake, siyo kama rafiki tu. Ukishafanyiwa operesheni, kitanda ni cha kulalia usiku. Jioni ile ile, au angalau kabla ya saa 24 kwisha, manesi wakikuambia inuka, inuka. Kaa ukingoni mwa kitanda kwanza, kichwa kitulie, kisha simama huku umeshikwa, nenda mpaka kwenye kiti. Kesho yake tembea mpaka mlangoni, baadaye mpaka mwisho wa korido.

Anayelala tu, damu ya miguuni inatembea polepole, na ikiganda huko donge linaweza kupanda hadi kwenye mapafu. Hilo ndilo tunaloliogopa kuliko kidonda. Mapafu yenyewe nayo hayafunguki vizuri chini, makohozi yanakaa, nimonia inapata nafasi. Utumbo unazubaa. Na nguvu za misuli zinapungua haraka kuliko unavyofikiri, halafu kuzirudisha ni kazi ya majuma. Kwa hiyo shangazi akisema anakulinda... basi, wewe unanielewa.

Namna ya kuinuka: usijikunje kutoka chali, utalia. Geuka ubavu, shusha miguu, kisha jisukume kwa mkono. Ukitaka kukohoa au kucheka, kumbatia mto juu ya kidonda. Na utacheka, maana Mama Sele anakuja kukuona, nimeshamsikia akitangaza.

Sasa utaniuliza, nitatembeaje na maumivu? Swali zuri, na hapo ndipo hospitali nyingi zinapokosea. Mgonjwa anaachwa mpaka alie ndipo apigwe sindano kali. Dawa za jamii ya morfini zinafanya kazi, sikatai, lakini zinaleta usingizi na kichefuchefu, na zinaufunga utumbo. Afadhali upewe parasetamoli pamoja na dawa ya jamii ya ibuprofeni kwa saa maalumu, uumie usiumie, na ile kali iwekwe akiba kwa maumivu yatakayopenya. Ila wewe una vidonda vya tumbo. Mwambie daktari MAPEMA, usingoje akuulize, kwa sababu hizo za jamii ya ibuprofeni huenda zisikufae. Waulize pia kama watachoma dawa ya ganzi kwenye kidonda kabla hujazinduka.

Haya ya kuinuka mapema sikuyatunga mimi. Kuna daktari wa upasuaji wa Denmark, Henrik Kehlet, tangu miaka ya 1990 alikuwa akihoji kinachomweka mgonjwa kitandani hasa: ni maumivu, ni kichefuchefu, ni mipira aliyofungwa, au ni mazoea yetu tu? Alianzia kwa wagonjwa wa utumbo. Baadaye wengine wakaunda jumuiya, ERAS (kifupi cha Kiingereza, maana yake kupona kwa ubora zaidi baada ya upasuaji), na kwa upasuaji wa magonjwa ya wanawake miongozo yao ilitoka 2016, ikarekebishwa 2019. Hakuna dawa ya ajabu ndani yake. Ni vitu vidogo vingi vinavyofanywa kwa pamoja, na ndiyo maana vinashindikana: hospitali inachukua kimoja kinachowarahisishia kazi, vingine inaviacha, kisha inasema tumejaribu. Na usimsikilize atakayekuambia ni ujanja wa kukutoa kitandani aingie mwingine. Ukirudi nyumbani mapema ni kwa sababu unakula, unatembea, unakojoa mwenyewe na maumivu yanashikika kwa vidonge. La sivyo, baki.

Kuhusu njaa. Ile amri ya kutotia kitu mdomoni tangu usiku wa manane ilipata nguvu baada ya 1946, Mendelson wa New York alipoandika juu ya wajawazito waliopewa usingizi, matapishi yakawaingia mapafuni. Hofu ile ilikuwa ya kweli. Lakini siku hizi, kwa mgonjwa asiye na tatizo la tumbo kuchelewa kumwaga chakula, miongozo inaruhusu mlo mwepesi mpaka saa 6 kabla ya usingizi, na maji au kinywaji kisicho na maziwa wala makapi mpaka saa 2 kabla. Wewe fuata atakachosema daktari wako wa usingizi, ila muulize. Mgonjwa anayefunga tangu jioni halafu zamu yake inasogezwa mpaka alasiri anaingia mle ndani kiu imemkausha, ana hasira na kichwa kinamgonga, na mimi ndiye anayenitazama kwa jicho baya.

Na baada ya operesheni, kama hutapiki na daktari hana pingamizi, kunywa, kisha kula kidogo ndani ya siku ile ya kwanza. Huna haja ya kungoja ujambe ndipo upewe ruhusa. Hata chingamu inasaidia, utumbo unadhani chakula kinakuja unaanza kuamka. Natamani nimwone shangazi siku hiyo, wewe umekaa kwenye kiti unatafuna chingamu!

Mpira wa mkojo nao usiusahau. Kwa operesheni ya kawaida hutolewa kabla ya saa 24 kwisha. Ukikaa zaidi unaalika maambukizi, tena unakufunga kitandani, na mimi nimeshasema kuhusu kitanda.

Kitu kimoja cha kuanza leo: damu. Kwa ulivyokuwa ukitoka, sidhani kama kiwango chako kiko sawa. Kipimwe sasa, na kama kiko chini wakupe madini ya chuma mapema, maana vidonge vinataka majuma kufanya kazi. Sigara huvuti, hilo tunaliruka.

Nyumbani utachoka kuliko ulivyotarajia, hasa mchana. Pumzika, kisha tembea tena, kila siku kidogo zaidi. Kunyanyua vizito hapana kwa kama wiki 6, na mzee naye avumilie mpaka daktari akukague ndani na kukuruhusu (mwambie mwenyewe, mimi siwezi). Ukipata homa ya 38 au zaidi, mguu mmoja ukavimba na kuuma, kifua kikabana, damu ikajaza pedi ndani ya saa moja, kidonda kikatoa usaha au uchafu wa ukeni ukanuka, usinipigie mimi. Nenda hospitali hapo hapo.

Sasa nijibu. Watakupasua tumboni, kwa matundu madogo, au watapitia ukeni? Mifuko ya mayai ya uzazi wanaiacha? Ni nusukaputi au ganzi ya mgongoni? Umeshakutana na daktari wa usingizi, na ulimwambia ulivyotapika siku nzima baada ya ile operesheni ya kumzaa Nuru? Kuna dawa za kuzuia hilo. Nuru anabaki na nani? Na tarehe ni ile ile au wameisogeza tena? Nataka kuomba ruhusa kazini nije nikusimamie mimi ile siku ya kwanza ya kuinuka, kama shangazi atanipisha mlangoni.

Wako,
Mama Tatu