Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama cha Wasanii wa Vikaragosi

Ndugu wanachama, wazee wetu walezi, na wageni mliokubali mwaliko,

Itifaki imezingatiwa. Taarifa ya fedha itasomwa na Mweka Hazina, na naomba msizimalizie hasira zenu kwangu kabla hajasimama. Kwa kifupi: ada zinaingia kwa kusuasua, usajili wetu BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, umehuishwa, na hoteli moja iliyotuita kutumbuiza siku ya Idi bado haijatulipa. Katibu anafuatilia. Mimi sitaongeza neno hapo, maana neno nililo nalo haliandikiki.

Mtakumbuka mkutano uliopita ulituagiza tuupe mwaka huu tawi moja tu la kazi yetu: kusemesha kikaragosi huku msanii amekaa wazi mbele ya watu, mdomo wake umetulia. Wengi wetu tumekulia nyuma ya pazia, na pazia linasamehe mengi. Hapa hakuna pa kujificha.

Vikao vya Jumamosi vilianza kwa shida, na shida yenyewe ni lugha yetu. Sauti za b, p, m, w, f na v zinataka midomo, na Kiswahili kimezijaza kila kona. Mama, baba, bibi, babu, mjomba, wifi, mpwa: ukoo mzima haupiti bila midomo kuguswa. Ukimtaja mbwa, umekwama mara tatu kwa neno moja. Kinachofanyika ni kuupa ulimi kazi ya midomo. B inatamkwa kama d ya nyuma ya meno, p inaegemea t, m inakwenda kwenye n au ng', f inakuwa th, na v inakuwa dh. Sikio la msikilizaji hukamilisha lenyewe, mradi sentensi iende mbio na kikaragosi awe anatazamwa. Th, dh na ng' tunazo tangu utotoni, na wanachama wa Pwani walituacha mbali katika zoezi hilo, jambo ambalo hawajaacha kulitangaza. Mmoja wetu alipendekeza tuandike maigizo yasiyo na herufi hizo kabisa. Tuliandika moja. Kikaragosi akawa hawezi hata kumwita mama yake.

Hata hivyo, kilichotufungua macho zaidi mwaka huu si midomo. Ni habari za Edgar Bergen, msemeshaji vikaragosi wa Marekani, ambazo kamati iliziandaa kwa kikao cha katikati ya mwaka na zikatuchukua vikao vingine viwili.

Bergen alizaliwa Chicago mwaka 1903, mtoto wa wahamiaji kutoka Sweden. Alijifunza sanaa hii angali mvulana, kwa kusoma kijitabu. Kichwa cha kikaragosi wake mkuu, Charlie McCarthy, kilichongwa na fundi wa mjini humo aitwaye Theodore Mack. Charlie alivaa kofia ndefu ya hariri, suti ya jioni na miwani ya jicho moja, na alikuwa na ulimi wa pilipili. Bergen mwenyewe alikuwa mtu mpole, karibu mwenye haya. Desemba 1936 walialikwa katika kipindi cha redio cha mwimbaji Rudy Vallée, na Mei 1937 wakapata kipindi chao. Walidumu redioni mpaka 1956.

Redioni, ndugu zangu! Watu walicheka pale ukumbini tulipolisikia hilo. Nani anauona mdomo redioni? Hakuna, na hilo ndilo lililotunyamazisha. Mamilioni ya Wamarekani walimpenda Charlie bila kumwona, kwa sababu alikuwa mtu. Alikuwa na tamaa zake, wivu wake, na maneno yasiyoweza kutoka kwa mwingine. Midomo ya Bergen ilicheza waziwazi, na aliyemsimanga kwa hilo ni Charlie mwenyewe. Bergen hakuishia kwa huyo mmoja. Alimtengeneza Mortimer Snerd, mshamba mzito wa akili, na Effie Klinker, bibi kizee ambaye hajaolewa. Kila mmoja na mwendo wake wa kusema. Mwaka 1938 watoaji wa tuzo za Oscar wakampa sanamu ya heshima iliyochongwa kwa mti, mdomo wake unafunguka na kufungwa.

Lakini Charlie hakung'ara peke yake. Alihitaji mtu wa kugombana naye, na huyo alikuwa W. C. Fields, mchekeshaji mwenye pua nyekundu na sifa ya ulevi. Fields alimtishia msumeno na kumkumbusha mchwa. Charlie akamrudishia kwa pua na chupa. Wasikilizaji walisubiri ugomvi huo kila Jumapili, na mwaka 1939 wawili hao wakaonekana pamoja na Bergen katika filamu. Sisi tunaujua uhusiano wa namna hiyo. Ni utani, ule hasa wa mtani anayefika msibani akamkashifu marehemu mbele ya wafiwa na asiguswe na mtu. Maoni yangu, na kamati hainiungi mkono yote, ni kwamba kikaragosi wetu hana kazi nyingine zaidi ya hiyo. Tunamtengeneza awe mtani wa kila aliyepo ukumbini, akianza na aliyemshika.

Ruhusa hiyo ina mipaka yake, na Afrika Kusini walionyesha. Conrad Koch, msanii aliyesomea anthropolojia, ana kikaragosi aitwaye Chester Missing anayewahoji wanasiasa. Mwaka 2014 mwimbaji Steve Hofmeyr alikwenda mahakamani Randburg kuomba kinga dhidi yao baada ya kushambuliana mtandaoni. Kwanza alipewa amri ya muda, kisha ombi lake likatupwa. Wenzetu wa Kenya waliokuwa wakiwaigiza wakubwa kwa vikaragosi vya mpira katika kipindi cha televisheni alichokianzisha mchora katuni Gado mwaka 2009 watakuwa na ya kwao ya kusimulia. Sisi mwaka huu hatukushtakiwa na mwanasiasa yeyote. Sijui kama nifurahi.

Tulichopata ni shule moja ya msingi iliyotukatisha onyesho kwa sababu mzazi alidai mwanasesere ana jini. Nawasihi msimcheke yule mama. Wagiriki wa kale waliamini kuna watabiri ambao pepo husema kutoka matumboni mwao, na Ulaya ilikaa karne nyingi na hofu hiyo. Tangu siku ile tumekubaliana: kabla ya onyesho shuleni, msanii awaonyeshe walimu na watoto kamba na mkono ulivyo ndani. Mliodhani hilo litaua utamu mmeona wenyewe. Kikaragosi akianza kusema, watoto wanamjibu yeye.

Sasa nije kwenye jambo linalohitaji kura zenu. Mwaka huu tulimzika mwenzetu mmoja, na vikaragosi vyake viko kwenye gunia stoo kwa shemeji yake. Familia haina kosa. Hakuna aliyewaambia wavifanyie nini.

Bergen aliliwazia. Alifariki Septemba 1978 huko Las Vegas, siku chache baada ya kutangaza anastaafu, na katika wosia alimwachia Charlie dola 10,000. Binti yake Candice, mwigizaji maarufu ambaye utotoni aliitwa dada yake Charlie, hakuachiwa kitu. Hapo siwashauri mumfuate. Charlie mwenyewe anatunzwa katika makumbusho ya Smithsonian, Washington.

Mfano ninaoupenda ni wa Ken Campbell na Nina Conti wa Uingereza. Conti alikuwa mwigizaji wa jukwaani asiye na habari na sanaa hii. Campbell, mwongozaji mwenye vituko vyake, ndiye aliyemsukuma ndani, akampa vifaa vya kujifunzia. Conti akampata Monkey, tumbili mdogo wa manyoya anayemwambia usoni mambo ambayo mwanamke yule mwenye adabu asingethubutu kuyasema. Campbell alipofariki mwaka 2008, akamwachia Conti vikaragosi vyake. Wakati huo Conti alikuwa anafikiria kuacha. Alivichukua, akafunga safari hadi Fort Mitchell, Kentucky, kwenye jumba la makumbusho la Vent Haven, na safari hiyo akaifanya filamu iliyotoka mwaka 2012.

Vent Haven ilitokana na mfanyabiashara wa Cincinnati, W. S. Berger, aliyenunua kikaragosi chake cha kwanza mwaka 1910 na hakuweza kujizuia tena. Hakuwa msanii wa kutajwa. Alikuwa kiongozi wa chama cha wasemeshaji, mtu wa kuandikia wenzake barua, na wenzake walipofariki vikaragosi vyao vilifika kwake. Alifariki mwaka 1972, jumba likafunguliwa mwaka uliofuata.

Sisi hatuna jumba, na kabati la Katibu limejaa. Kwa hiyo kamati inapendekeza kifungu kipya cha katiba: kila mwanachama amtaje mwenzake mmoja, kwa maandishi na kwa ridhaa ya wote wawili, atakayerithi vikaragosi vyake, na familia ipewe nakala mapema. Mrithi ataamua kama kikaragosi kiendelee kusema au kitunzwe kimya. Mimi ningependa viendelee kusema, lakini wapo wanaoona kwamba sauti ya mtu inazikwa naye, na hoja yao ni nzito. Lijadiliwe.

Rasimu iko ukurasa wa mwisho wa kabrasha zenu. Anayetaka kubadili maneno ampe Katibu kabla ya chakula cha mchana, kwa sababu kura ni mara baada ya hapo, na kikaragosi chochote kitakachonyoosha mkono hakitahesabiwa.

Naomba kuwasilisha.