Rejeta kubwa na feni za umeme zifungwe kwa ukamilifu au zisifungwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumzie kazi ambayo sasa imeenea katika gereji zetu, nayo ni ya kuondoa rejeta ya zamani pamoja na feni inayoendeshwa na injini katika magari yenye umri mkubwa, kisha kufunga rejeta pana ya alumini na feni mbili za umeme. Mimi ni fundi wa magari hapa Morogoro, mji unaopokea magari yaliyochemka kutoka pande zote mbili: yale yaliyotoka kwenye foleni za Dar es Salaam na joto la pwani, na yale yaliyorudi kutoka mlima Kitonga mkoani Iringa yakiwa yamepakia kupita kiasi. Siipingi kazi hii, kwa sababu ikifanywa inavyotakiwa hulisaidia sana gari la zamani. Ninachokipinga ni kuifanya nusunusu, na kuifanya kabla ya kujua kwa nini gari lilichemka.

Wenye magari wengi huja wakiamini kwamba rejeta kubwa itaishusha mishale ya joto kwenye dashibodi. Sivyo injini ilivyoundwa. Joto la kawaida la injini hupangwa na themostati, yaani vali inayofungua na kufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta kufuatana na joto, ambayo katika magari mengi ya Toyota ya miaka ya 1990 huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi na kuwa wazi kabisa zinapokaribia 95. Ukubwa wa rejeta haubadilishi kiwango hicho. Karibu theluthi moja ya nishati ya mafuta yanayoungua ndani ya injini huingia kwenye maji ya kupozea, na rejeta kubwa inakupa akiba ya kulitoa joto hilo pale linapozidi, yaani mlimani, kwenye foleni, au kiyoyozi kikiwa kimewashwa mchana wa Januari. Mteja asiyeelezwa hivyo hurudi akilalamika kwamba mshale haujashuka, na fundi anayetaka kumridhisha huitoa themostati na kuitupa.

Hapo ndipo madhara yanapoanza. Injini isiyo na themostati hutembea ikiwa baridi kwenye barabara ndefu, kompyuta yake huendelea kuongeza mafuta kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa alfajiri, oili haifikii joto la kukausha unyevu, na ulaji wa mafuta hupanda. Zaidi ya hayo, katika baadhi ya injini themostati ina kisahani cha chini ambacho huziba njia ya pembeni maji yakishapata moto. Ukiitoa, njia hiyo hubaki wazi muda wote, na sehemu ya maji ya moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta hata kidogo. Gari linaweza basi kuchemka zaidi kuliko lilipokuwa na rejeta ndogo, na mwenye gari akaambiwa anunue rejeta kubwa zaidi.

Kabla ya kununua chochote, gari lipimwe. Nichukue mfano wa Toyota Mark II ya toleo la GX100, ambayo wasomaji wako wengi wanaimiliki au wamewahi kuimiliki. Ile yenye injini ya 1G-FE ina feni iliyofungwa mbele ya injini kwa klachi yenye mafuta mazito ya silikoni ndani yake. Hewa inayotoka nyuma ya rejeta ikiwa ya moto, klachi hushika na feni huzunguka kwa nguvu. Ikiwa baridi, klachi huachia. Mafuta hayo yakivuja baada ya miaka mingi, feni huendelea kuzunguka kwa ulegevu na mwenye gari huiona inazunguka, hivyo haishuku. Injini ikiwa imezimwa na bado ina moto, izungushe feni kwa mkono: ikikataa na kusimama mapema, klachi ni nzima, ikiteleza na kuzunguka mizunguko kadhaa yenyewe, klachi imekwisha. Kubadilisha klachi ni kazi ndogo sana ukiilinganisha na kubadilisha mfumo mzima, na nimeona magari mengi ambayo hayakuhitaji zaidi ya hapo.

Mfuniko wa rejeta nao hudharauliwa kwa sababu ni kitu kidogo. Katika uwanda wa Iringa, ulio kwenye mwinuko wa karibu mita 1,600, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na mfuniko wa shinikizo la 0.9 ulio mzima huinua kiwango hicho kwa nyuzi 20 na ushee. Mpira wa mfuniko ukiwa umekauka, kinga yote hiyo inaondoka, na gari litachemka mlimani hata kama rejeta ni mpya. Wapo pia wanaofunga mfuniko wa shinikizo kubwa kuliko ule uliopangwa na kiwanda, jambo ambalo hupasua mipira ya zamani na rejeta ndogo ya hita. Halafu upo uchafu. Kati ya kondensa, ile rejeta ya kiyoyozi inayokaa mbele, na rejeta ya injini hujaa mbegu za majani, wadudu na vumbi lililogandamana, na mtu akichungulia kwa mbele haoni kitu. Inabidi rejeta ifunguliwe na kuoshwa kutoka nyuma kwa maji yasiyo na nguvu nyingi ili mapezi yake, yaani vile vibati vyembamba kati ya mirija, yasilale. Mwisho kabisa, gasketi ya silinda hedi ipimwe kwa ile dawa ya bluu inayogeuka njano inapokutana na gesi ya moshi, kwa kuwa gasketi iliyoungua husukuma gesi ndani ya maji, na hakuna rejeta duniani itakayoiponya.

Vipimo hivi vyote vikishafanywa na ikaonekana kwamba rejeta imeziba au imechakaa, ndipo tuzungumze juu ya kufunga kubwa. Rejeta za zamani za shaba zilikuwa na sifa moja kubwa: mafundi wetu waliweza kuzifungua, kuzizibua na kuzichomelea kwa risasi. Shaba hupitisha joto vizuri kuliko alumini. Alumini, kwa upande wake, ni nyepesi na imara, hivyo mirija yake inaweza kutengenezwa mipana ikagusa mapezi kwa eneo kubwa, na ndiyo maana rejeta ya alumini yenye safu mbili tu za mirija mipana inaweza kuishinda ile ya shaba yenye safu tatu. Mnunuzi asidanganywe na unene peke yake. Rejeta nene mno inahitaji feni zenye nguvu ya kuvuta hewa ipenye hadi upande wa pili, vinginevyo safu za nyuma hupokea hewa ambayo tayari ni ya moto.

Kuna jambo linalosahaulika ambalo limeua gia boksi nyingi. Gari lenye gia za otomatiki lina kipoozeo cha mafuta ya gia ndani ya tangi la rejeta, na rejeta kubwa inayouzwa mara nyingi ni ya gari lenye gia za mkono, isiyo na kipoozeo hicho. Fundi huunganisha mirija miwili ya gia boksi kwa kipande cha mpira, injini ikapoa, mteja akafurahi, na baada ya muda gia zinaanza kuteleza kwa sababu mafuta yake yamepikwa. Yeyote anayefunga rejeta ya namna hiyo katika gari la otomatiki anawajibika kufunga na kipoozeo cha pembeni cha gia siku ile ile.

Maji yanayotiwa ndani ni jambo ambalo sisi wa Tanzania tunapaswa kulitazama kwa makini kuliko watu wa nchi za baridi. Kwetu kulanti, yaani dawa ya kuchanganya na maji ya kupozea, haihitajiki kuzuia barafu, hivyo wengi huiona kuwa anasa na kutia maji ya bomba au ya kisima. Visima vingi vya Dar es Salaam na ukanda wa pwani hutoa maji ya chumvi. Chumvi hiyo huitafuna alumini kutoka ndani, na rejeta iliyonunuliwa kwa fedha nyingi hutoboka ikiwa bado inang'aa kwa nje. Hapa kwetu mchanganyiko wenye kulanti kuanzia theluthi moja, na sehemu iliyobaki maji yaliyochujwa chumvi, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, unatosha kwa kuzuia kutu na kuinua kiwango cha kuchemka. Rangi ya kulanti haithibitishi aina yake, basi kisomwe kilichoandikwa kwenye dumu.

Sasa nije kwenye feni, ambako makosa yake hayaishii kwenye kuharibu injini bali yanaweza kuchoma gari. Gari moja lililetwa kwangu likiwa limefungwa feni mbili kwa vibanio vya plastiki vilivyopenyezwa katikati ya mapezi ya rejeta. Kwa mtikisiko wa barabara ya vumbi, kibanio kimoja kilikuwa kimesaga mrija hadi ukaanza kutoa maji kwa matone. Waya mwembamba mwekundu ulitoka kwenye feni zote mbili, ukapenya kwenye tundu la bati lisilo na mpira wa kulinda, ukaishia kwenye swichi ya kawaida chini ya usukani, bila fyuzi wala rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa. Plastiki ya swichi ilikuwa imegeuka kahawia, na ganda la waya karibu nayo lilikuwa limelainika hadi shaba ikaonekana. Mwenye gari alikuwa akiwabeba watoto wake katika gari hilo kila siku.

Feni mbili kubwa kwa pamoja huweza kuvuta amperi 20 hadi 30, na zinapoanza kuzunguka huvuta zaidi ya hapo kwa muda mfupi. Umeme huo haupaswi kupita kwenye swichi ya dashibodi. Utoke kwenye betri kwa waya wa milimita za mraba 4 au zaidi, upite kwenye fyuzi iliyo karibu kabisa na betri, uingie kwenye rilei mguu wa 30 na utokee mguu wa 87 kwenda kwenye feni, huku miguu ya 85 na 86 ikiendeshwa na swichi ya joto iliyofungwa kwenye njia ya maji. Kila feni ipewe rilei na fyuzi yake, ili moja ikifa nyingine iendelee. Swichi ya joto ichaguliwe kufuatana na themostati: kwa themostati ya nyuzi 82, feni ziwake kwenye 92 hivi na kuzima kwenye 87. Ikiwashwa mapema mno, feni hazitapumzika kamwe. Kiyoyozi kikiwashwa, angalau feni moja iwake papo hapo, kwa sababu kondensa nayo inahitaji hewa. Fundi apime pia altaneta, mashine inayozalisha umeme wa gari, maana nyingi za magari ya umri huo hutoa amperi 60 hadi 80 injini ikiwa kwenye kasi, na pungufu sana gari likiwa limesimama kwenye foleni usiku na taa zimewashwa, wakati ambao feni zinahitajika kuliko wakati wowote.

Feni zenyewe zifungwe juu ya kava linalofunika uso wote wa rejeta, likiwa limeachana kidogo na mapezi. Feni iliyobandikwa moja kwa moja hupoza duara lake tu na kuziacha pembe. Kava lililozibwa kabisa nalo huzuia upepo wa mwendo kasi, kwa hiyo liwe na vilango vya mpira vinavyofunguka gari linapokimbia. Ukaguzi wake ni rahisi: weka karatasi mbele ya kondensa gari likiwa limesimama na feni zikizunguka. Ikinasa, hewa inavutwa. Ikipeperushwa, nyaya zimegeuzwa na feni zinapigana na upepo wa barabarani. Mteja asiondoke gereji kabla ya kuliona jaribio hilo kwa macho yake.

Ombi langu la kwanza ni kwa VETA, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ambayo tayari ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mitaani. Somo la umeme wa feni na upimaji wa mfumo wa kupoza liingizwe katika tathmini hiyo kwa vitendo, fundi akabidhiwe gari linalochemka na aeleze sababu kabla ya kugusa spana. La pili ni kwa wauza spea, kwamba rejeta inayouzwa kuwa ya kuboreshwa iambatane na maelezo ya wazi ya vipimo vya mirija yake, shinikizo la mfuniko unaoifaa, na kama ina kipoozeo cha gia ama haina. Kwa wenye magari, ninaomba wadai kuoneshwa klachi ya zamani ya feni, themostati ya zamani na mfuniko wa zamani kabla ya kukubali gharama ya rejeta mpya, na fundi atakayekataa kuwaonesha wamwache watafute mwingine.

Fundi magari,
Morogoro