Mosin ya dola 90 haitarudi: maelezo kwa wateja wetu wanaokusanya bunduki za mitumba ya jeshi

Mteja akiingia karakanani kwetu kwa mara ya kwanza, kitu kinachomshtua si bunduki zilizoning'inia ukutani bali kadi za bei. Anageuza ya Mosin-Nagant, bunduki ya zamani ya jeshi la Urusi, anasoma dola 425, anatuangalia kama tumemkosea heshima. "Hii mimi nimeiona kwa dola 90!" Anasema kweli. Kwenye mwaka 2010 hivi, maduka mengi ya Marekani yalikuwa yanauza Mosin M91/30 chini ya dola 100, na mwenye pesa ya ziada kidogo aliondoka na kasha zima la mbao lenye bunduki 20. Bati la risasi 440 lilipatikana kwa dola 80 na ushee. Kila risasi ilikuwa haifiki senti 20, ukafyatua mpaka bega likavimba. Leo risasi mpya za bunduki hiyo hiyo mara nyingi zinakaribia dola moja kila moja.

Swali tunaloulizwa zaidi na wateja wetu, ambao wengi ni Wakenya, Watanzania na Wakongo wa huku Dallas na Fort Worth walioanza kwa kuwinda paa na sasa wamenogewa na bunduki za kale, ni hili: nisubiri bei ishuke? Jibu letu ni hapana, na tunaomba mtupe dakika chache tueleze, kwa sababu kusubiri huko kumewagharimu watu wengi kuliko kununua.

Bei ya 2010 haikuwa bei ya bunduki. Ilikuwa bei ya bohari linalofungwa. Urusi iliunda Mosin kuanzia 1891, ikairekebisha 1930, na vita vya pili vilipokuja viwanda vya Tula na Izhevsk vilizitoa kwa mamilioni. Baada ya vita zilikusanywa, zikafunguliwa, zikakarabatiwa, zikapakwa ile grisi nzito ya kahawia inayoitwa kosmolini, zikafungiwa kwenye makasha kusubiri vita vingine. Vita hivyo havikuja. Muungano wa Kisovieti ukavunjika 1991, na Urusi na Ukraine wakajikuta na maghala yaliyojaa vyuma visivyo na kazi na hazina isiyo na fedha za kigeni. Yaliyofuata ni sawa na bei ya mahindi wiki ya mavuno: kila mtu anauza, kila ghala limejaa, na mnunuzi anadhani ndiyo thamani ya mahindi. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mavuno mengine. Hakuna kiwanda kitakachounda Mosin ya 1942.

Na si mara ya kwanza kuona jambo hili. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, majeshi ya Ulaya yalipobadili silaha, Marekani ilifurika bunduki za Mauser za Kijerumani, Lee-Enfield za Kiingereza na Carcano za Kiitaliano. Mfano maarufu kuliko yote, na wa kusikitisha kuliko yote, uko hapa hapa mjini kwetu. Machi 1963 Lee Harvey Oswald alijaza kuponi ya tangazo la jarida, akaagiza Carcano ya Kiitaliano kutoka duka la Klein's la Chicago kwa dola 19.95, darubini ikiwemo, ikaletwa na posta. Novemba 22 Rais Kennedy aliuawa kwa bunduki hiyo. Sheria ya silaha ya 1968 ikapiga marufuku kuuza bunduki kwa posta kati ya jimbo na jimbo, na ikafunga mlango wa kuingiza mitumba ya jeshi. Ulifunguliwa tena katikati ya miaka ya 1980 kwa silaha zilizohesabiwa kuwa za kihistoria, na bei zikashuka upya.

Hebu tupige hesabu kidogo, maana wengi hupenda kusema "mfumuko wa bei tu huo". Zile dola 19.95 za 1963 kwa pesa ya leo ni kama dola 200. Dola 90 za 2010 ni kama 130. Kwa hiyo Mosin inayouzwa zaidi ya dola 400 haijapandishwa na mfumuko wa bei peke yake. Imepanda kweli.

Kilichoipandisha ni milango kufungwa mmoja baada ya mwingine. China ilikuwa inaleta bunduki za kijeshi za SKS kwa makontena, zikiuzwa kwa bei ya chini ya jozi nzuri ya viatu vya leo. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ikazuia silaha za China, na hadithi ikaishia hapo. Mwaka 2021 ikawekwa marufuku ya vibali vipya vya kuingiza risasi kutoka Urusi. Mwaka uliofuata vita kamili vya Ukraine vikaanza, na huhitaji kuwa mtaalamu kujua kwamba nchi iliyo vitani haiuzi bunduki zake za akiba kwa wakusanyaji wa Texas.

Mlango mmoja wa mwisho mkubwa ulifunguka barani kwetu. Miaka michache iliyopita waagizaji wa huku walileta shehena za bunduki kutoka Ethiopia: Carcano zilizoachwa na Waitaliano, Mauser, Lee-Enfield, mpaka vibunduki vya Kimarekani vya M1. Tulipokea baadhi kwa ajili ya matengenezo. Mbao zimekauka zikapasuka, vumbi jekundu limegandamana na mafuta ya zamani mpaka huoni tundu la mtutu, nyingine zimefungwa waya pale mti ulipovunjika. Mtu wa Mauser safi za Uswidi atazikataa hata bure. Wateja wetu walizigombania, na sababu tunaielewa. Babu za wengi wao walikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Kikosi hicho kilikuwa sehemu ya majeshi yaliyotoka Kenya mwanzoni mwa 1941, yakapita Somalia na kuingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Ukiwa umekua unasikia habari za vita vya Abisinia kutoka kwa mzee aliyekwenda huko, halafu ukashika Carcano iliyotoka huko huko, mkono unasita.

Hapo ndipo tunapoomba tuwe wakweli kwenu kibiashara. Hisia hiyo ni yako na ni halali, lakini siku ukitaka kuuza, mnunuzi hatailipia. Mteja mmoja alituuliza kama tunaweza kumwandikia barua kwamba Carcano yake "ilitekwa na askari wa Keya". Hatuwezi. Hakuna alama yoyote kwenye chuma inayosema hivyo, na barua yetu ingekuwa uongo wenye muhuri. Soko hili lina hadithi nyingi kuliko bunduki. Hadithi inayolipiwa ni ile yenye karatasi: kwa mfano askari wa Kimarekani aliyerudi na Mauser ya Kijerumani kutoka vita vya pili, akiwa na hati ya kamanda wake inayomruhusu kuichukua, na namba kwenye hati ni ile ile iliyo kwenye bunduki. Karatasi hiyo moja iliyokunjwa mara nne inaweza kuongeza bei kuliko chochote tunachoweza kufanya kwenye meza yetu ya kazi.

Wakati mwingine karatasi imejificha. Bunduki za Uswisi za K31 zina bamba la chuma kwenye kitako, linashikwa na skrubu mbili. Ukifungua taratibu, mara nyingi utakuta kikaratasi kilichokunjwa: jina la askari, kikosi chake, pengine na anwani. Tumekuta vilivyofifia kabisa na vilivyosomeka kama vimeandikwa jana. Tafadhali usikitoe kukipiga picha juani, na usikitie gundi. Kirudishe pale pale. K31 yenye kikaratasi chake na isiyo nacho si bidhaa moja.

Sasa namba. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea bila mtu kujua. Kwenye Mosin, namba hukaa sehemu nne: kwenye chuma pale mtutu unapoanzia, kwenye komeo (kile chuma unachovuta kukoki), kwenye kifuniko cha chini cha magazini, na kwenye bamba la kitako. Muuzaji atakwambia "namba zote zinafanana", na zitafanana kweli. Angalia maandishi. Bunduki zilizopita kwenye karakana za Kisovieti baada ya vita zilichanganywa vipuri, kisha namba ya zamani ikafutwa au kukatwa kwa mstari na mpya kugongwa au kuchorwa kwa kalamu ya umeme. Tafuta kialama cha mraba wenye mstari wa kukatiza kona kwa kona. Hicho kinakwambia imekarabatiwa. Hakuna ubaya, nyingi ziko hivyo na zinapiga vizuri, lakini usilipe bei ya namba asili. Angalia pia chapa ya mwagizaji, yale maandishi madogo ya jina la kampuni na mji. Zenye chapa hupungua bei kidogo kulinganisha na zile zilizoletwa nchini na askari mwenyewe.

Kuna jambo jingine la kuuma. Zamani bunduki hizi zilikuwa rahisi kiasi kwamba watu walizikata mti, wakafupisha mtutu, wakazigeuza za kuwindia. Hakuna aliyewalaumu, Mauser ya dola 30 ilikuwa nafuu kuliko bunduki mpya ya dukani. Leo hiyo iliyokatwa ni nafuu kwa nusu au zaidi kuliko dada yake mzima. Kwa mwindaji asiye na habari na makumbusho, hiyo ndiyo tungemshauri anunue. Chuma ni kile kile, paa hajui tofauti.

Lakini kama yako ni nzima, tunakusihi usiiguse na msasa. Kila mwezi tunaletewa bunduki ambayo mwenyewe ameisugua kitako kwa msasa, akapaka vanishi ing'ae kama meza ya sebuleni, halafu anauliza itauzwa ngapi. Chini ya msasa huo kulikuwa na mihuri ya kiwanda, alama za ukaguzi, pengine rangi ya asili ya mwaka 1943. Vimeondoka na havirudi. Mikwaruzo kwenye mti haipunguzi bei, msasa unapunguza.

Kazi tunayofanya sisi ni ndogo kuliko watu wanavyodhani, na ndivyo inavyotakiwa. Kosmolini tunaitoa kwa joto la wastani na vitambaa, mbao zikiwa zimetenganishwa na chuma, mpaka mafuta yaache kutoka jasho. Kutu tunaizuia bila kuikwangua mpaka kufikia chuma cheupe. Kisha tunapima kwa geji nafasi inayobaki nyuma ya risasi komeo likiwa limefungwa. Hili la mwisho si la hiari kwetu: bunduki yenye komeo lililotoka kwenye bunduki nyingine inaweza kupasua ganda la risasi sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Kuna nyingine hatuzipigi kabisa, kama Springfield za 1903 za jeshi la Marekani zilizotengenezwa kwenye kiwanda cha Springfield Armory zenye namba chini ya 800,000, ambazo mwili wake wa chuma umejulikana kupasuka. Hizo ni za ukutani.

Ukipiga risasi za zamani za kijeshi, kumbuka fataki zake (kile kinachowasha baruti) huacha chumvi ndani ya mtutu, na mafuta peke yake hayaondoi chumvi. Maji ya moto, mengi, siku ile ile, kisha kausha, kisha mafuta. Tumeona mtutu uliokaa miaka 70 bila doa ukaharibika kwa wikiendi moja.

Upande wa sheria tutasema kwa ufupi, sisi si mawakili. Ukinunua kwetu utajaza fomu 4473 ya serikali kuu na rekodi zako kuchunguzwa, kama anayenunua bunduki nyingine yoyote. Mkusanyaji anaweza kuomba leseni ya serikali kuu ya vitu vya kale, dola 30 kwa miaka mitatu, inayomruhusu kuletewa nyumbani bunduki zenye miaka 50 na zaidi zilizo katika umbo lake la asili. Ni ya kukusanya, si ya kufanyia biashara, na utatakiwa kutunza daftari. Aliyeko kwa viza ya muda, kama ya masomo, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki isipokuwa ana leseni halali ya uwindaji au msamaha mwingine wa kisheria. Uliza kabla hujalipa, sio baada. Na kwa wale wanaouliza kama wanaweza kwenda nayo nyumbani kwa mzee kama zawadi: hapana ndugu yangu, mpelekee koti.

Tathmini tunafanya Jumamosi asubuhi, hatutozi kitu kama ni bunduki moja. Njoo nayo ikiwa tupu, komeo limetolewa, ndani ya mfuko wake, risasi zibaki nyumbani. Usiisafishe kwanza. Kama kuna barua, picha ya mwenyewe wa zamani, risiti au hata kasha lililochakaa, beba vyote hata kama unaona ni takataka.