Mama Rehema, nisaidie maua ya mwezi wa nane

Tabora, Januari

Shoga yangu Mama Rehema,

Salaam nyingi. Hamjambo hapo Kasulu? Goti la Bibi linaendeleaje? Sisi huku Isevya wazima, mvua zinanyesha hadi watu wameanza kuzilalamikia, na Baba Sofia anakusalimu. Najua umeninunia kwa huu ukimya. Nuna, ni haki yako, lakini nisome kwanza maana nina shida, na shida yenyewe ni maua.

Sofia tunamuaga mwezi wa nane. Ndiyo, mchumba ni yule yule wa Ujiji, mambo yamekaa sawa, nitakusimulia ukija. Bei za kumbi siziandiki hapa, utadhani nakutania, kwa hiyo kikao kimeamua sendofu iwe nyumbani, chini ya mwembe. Mama Mdogo akadakia: tukodi maua ya plastiki. Nikamwambia mbele ya wajomba wote kwamba plastiki haiingii uani kwangu nikiwa hai. Basi neno limeshatoka, sasa nisitiri.

Agosti ya Tabora unaijua. Mvua ikikatika mwisho wa Aprili au Mei mwanzoni, hadi Novemba ni vumbi tu. Na mwembe wetu haupukutishi majani yote kama miti ya porini, kivuli ni kile kile mwaka mzima, na vijizizi vyake vimetanda juu juu vinanyonya kila ndoo unayomwaga. Udongo nao kichanga. Vijana wa miche pale barabarani wananipigia debe petunia zilizochanua sasa hivi. Ua linaloringa Januari kwa maji ya mvua, tena la kupenda jua, Agosti chini ya mwembe litakuwa kuni.

Halafu kuna lile gugu, kongwa. Mama Rehema, kongwa! Unang'oa leo, kipande chenye kifundo kikibaki ardhini kinatoa mizizi kana kwamba umekipanda. Juzi nilichimba shina moja taratibu kwa kisu cha jikoni. Chini ya udongo nikakuta vijitawi vyeupe, na juu yake vitumba vidogo vimefumba kabisa. Kumbe ni maua nayo! Yanajichavusha humo humo gizani na kutoa mbegu bila hata kuona jua. Sasa adui wa hivyo unamfyeka kwa panga la nini? Nachimbua polepole, naanika kila kitu juu ya bati mpaka kikauke kau, shimo la mboji hakiingii. Ndago ziko pembeni kwenye jua, kivuli zenyewe hazikipendi, zitasubiri. Lantana ya uzioni ndiyo inayonitia hasira: ilipandwa kwa uzuri, leo ndege wanakula vitunda vyake na kutupandia kila kona, na mifugo ikiila inaugua.

Baba Sofia ana dawa yake: tumwage zege, tumalize. Huyo muache.

Nilichoamua ni hiki. Pale pembeni, kivuli kinapoanza kuwa chepesi, naweka kalankoe. Majani yake yana akiba ya maji, na kipupwe kikiingia na usiku kurefuka ndipo linapoanza kufunga vitumba. Ila nitaliweka mbali na taa ya baraza, maana likimulikwa usiku kucha linachanganyikiwa na kugoma kuchanua. Katikati kwenye giza zito ndipo ninapokwama, na ndipo unaponifaa wewe.

Yale maua ya rangi ya chungwa nyuma ya jiko lenu, karibu na tangi, yenye majani mapana kama mkanda: ni klivia, au macho yangu? Asili yake ni Afrika Kusini, kwenye vivuli vya misitu, na yakishapita miezi ya baridi na ukavu ndipo yanapochanua, kama Agosti hivi. Hapo nimeona Mungu hakunitupa. Lakini tafadhali usiyagawe! Yakitenganishwa hukaa kinyongo, msimu mzima huenda yasitoe ua. Nitumie shada zima zima, limebanana hivyo hivyo, likiwa ndani ya ndoo iliyotobolewa chini. Mimi nitachimba mashimo kati ya mizizi mikubwa, nifukie ndoo zenyewe, mwembe usiniibie maji kirahisi. Ukituma kwa basi mwambie konda yasilazwe chini ya magunia, na mbuzi wasiyaonje, yana sumu.

Lile jekundu la duara linalochomoza porini mvua za kwanza zikinyesha nalipenda kuliko yote, ila wakati wake wakwe watakuwa wameshasahau hata rangi ya pilau. Na mwembe wenyewe Agosti huwa na maua, kwa hiyo tutaletewa vumbi lake kwenye sahani bure. Nilitaka kukwambia pia habari ya kitenge cha kamati, Mama Mdogo ameshachagua kile cha... basi, kalamu itachafuka.

Sasa nijibu. Ni klivia kweli? Yalichanua mwezi gani mwaka jana, na yana watoto wangapi pembeni? Jirani yako wa mission bado ana yale ya zambarau yenye majani ya manyoya, na yanastahimili kiangazi bila kumwagiwa? Nikutumie shilingi ngapi kwa simu, za ndoo na konda? Unadhani nifukie sasa mvua ikiwepo, au nisubiri Machi kongwa ipungue kwanza? Na wewe unakuja na Mzee au peke yako? Niambie mapema, wageni wa Ujiji wameshajaza vyumba vyote na godoro zuri nimekufichia.

Shoga yako,
Mama Sofia