Fuateni jalada, si pingu

Mhariri,

Kila unga wa dawa za kulevya unapokamatwa huku pwani, magazeti huchapisha picha ile ile: pakiti zimepangwa mezani, maafisa wamesimama nyuma yake, na kijana mmoja ameinamisha kichwa uso usionekane. Kesho yake habari inahamia kurasa za ndani. Baada ya miezi mitatu haipo tena. Sisi tunaoandika barua hii tumeshughulika na kesi za jinai Mombasa, mmoja upande wa mashtaka na mwenzake upande wa utetezi. Tunachotaka kuwaambia wasomaji wenu ni kwamba mapapa wa biashara hii hawaponi kwa sababu hawajulikani. Wanajulikana mtaa mzima. Wanaponea kwenye jalada, yaani faili la kesi, na jalada lina sehemu zake maalumu za kufia.

Tuanze na kesi ya Akasha, familia ya walanguzi wa dawa za kulevya wa Mombasa, kwa sababu imekwisha na kumbukumbu zake ziko wazi. Baba, Ibrahim Akasha, aliuawa kwa risasi Amsterdam mwezi Mei 2000. Wanawe Baktash na Ibrahim walikamatwa Mombasa Novemba 2014, yaani zaidi ya miaka 14 baadaye, baada ya kutoa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini kwa watu waliojifanya mawakala wa genge la Kolombia, kumbe wametumwa na DEA, shirika la Marekani la kupambana na dawa za kulevya. Mazungumzo yote yalikuwa yamerekodiwa. Kesi ya kuwapeleka Marekani ikafunguliwa, wakapata dhamana, na tangu hapo ikawa ni kutajwa na kuahirishwa hadi mwisho wa Januari 2017, walipopandishwa ndege huku mawakili wao wakilalamika kwamba shauri bado liko mahakamani. Oktoba 2018 walikiri mashtaka mjini New York, likiwemo la kuwahonga maafisa wa Kenya ili wasipelekwe. Baktash alifungwa miaka 25 mwezi Agosti 2019, na Ibrahim miaka 23 mwezi Januari 2020.

Watu husema Wamarekani wana haraka. Hebu hesabuni. Mombasa kesi ilikaa miezi 26. New York ilichukua miezi 21 hadi walipokiri. Muda haukupishana sana. Kilichopishana ni yaliyofanyika ndani ya muda huo. Huku walikuwa nje, na kwa mujibu wa waendesha mashtaka wa Marekani, wakiwa nje kwa dhamana walipanga kusafirisha tani za efedrini kutoka India hadi Msumbiji ili itengenezwe methamfetamini, na sehemu ya faida iende kwenye hongo. Kule walikuwa rumande, na ushahidi wenyewe ulikuwa ni sauti zao. Shahidi anaweza kutishwa, akahama, akafa. Kanda haitishiki.

Sasa tueleze jalada linafia wapi.

Sehemu ya kwanza ni mizani, na hapa tutakaa kidogo kwa sababu ndipo kesi nyingi za dawa za kulevya huharibika kabla hakimu hajaziona. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994, kifungu cha 74A, inaeleza utaratibu: mzigo upimwe na sampuli zichukuliwe, inapowezekana, mbele ya mtuhumiwa, wakili wake na mkemia, kisha hakimu aweze kuamuru uliobaki uteketezwe mapema. Utaratibu huu ukifuatwa, wakili wa utetezi habaki na mengi ya kuuliza. Lakini angalieni linalotokea mara nyingi. Afisa anaandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha polisi, uzito wa mzigo pamoja na gunia, plastiki na gundi. Mkemia wa Serikali anapima unga mtupu. Tuseme OB inasema kilo 20 na mkemia anasema 18.4. Hakuna aliyeiba chochote, ni vifungashio tu, lakini kwa kuwa hakuna aliyeandika tofauti hiyo siku ile ile, utetezi unauliza kilo 1.6 zilikwenda wapi, na afisa anaanza kubabaika kizimbani. Hapo shaka imeshaingia, na shaka ni ya mshtakiwa.

Kosa jingine ni la sampuli. Pakiti ziko 100, zinafunguliwa 5. Mkemia anaweza kuapa juu ya zile 5 tu. Na adhabu ikiwa inategemea thamani ya mzigo mzima, cheti cha thamani kinayumba pamoja na hesabu hiyo. Kisha kuna swali la nani alilala na kielelezo. Unga umekamatwa Ijumaa usiku, umefika kwa mkemia Jumatano. Siku zote hizo ulikuwa kabati gani, ufunguo alikuwa nao nani, lakiri ilikuwa na nambari gani, na nambari hiyo ndiyo iliyo kwenye fomu ya kupokelea? Jibu likikosekana mara moja tu, mnyororo wa utunzaji wa kielelezo umekatika. Wazee wetu wanakumbuka zaidi ya tani moja ya kokeni iliyokamatwa Malindi na Nairobi Desemba 2004. Iliteketezwa mwaka 2006. Muda wote huo watu walinong'ona kwamba imebadilishwa, hadi ikabidi ipimwe upya mbele ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa kabla ya kuchomwa. Mzigo unaokaa ghalani kwa muda mrefu hivyo huzaa uvumi hata kama kila gramu iko salama.

Sehemu ya pili ni uhamisho wa hakimu. Kifungu cha 200 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka hakimu mpya amweleze mshtakiwa haki yake ya kudai mashahidi waitwe tena. Ni haki ya msingi, na hatutaki iondolewe, maana hakimu anayehukumu anapaswa kumwona shahidi anavyojibu. Lakini mtu mwenye fedha anaijua vizuri kuliko maskini. Mashahidi 9 wameshasikilizwa, wamebaki 3, hakimu anahamishwa, kesi inaanza upya. Afisa aliyekamata amestaafu. Mlinzi wa ghala amerudi kwao na simu yake haipatikani. Muuaji huyo wa kesi, yaani kalenda ya uhamisho, haangaliwi na mwandishi yeyote.

Sehemu ya tatu inawahusu nyinyi moja kwa moja, Mhariri. Magazeti huandika kwamba mshukiwa "ameachiliwa" kana kwamba kuachiliwa ni kwa aina moja. Kiongozi wa mashtaka akiondoa kesi chini ya kifungu cha 87(a) cha sheria hiyo hiyo ya mwenendo wa jinai, kabla mshtakiwa hajatakiwa kujitetea, mtu huyo anaweza kukamatwa tena kesho kwa kosa lile lile. Upande wa mashtaka ukinyimwa ahirisho na kufunga kesi bila shahidi, hakimu huamua chini ya kifungu cha 210 kwamba hakuna kesi ya kujibu, na hapo mshtakiwa yu huru kabisa; hata unga ule ule ukirudishwa mezani na picha ikapigwa upya, hashtakiki tena. Ndiyo maana mtu mkubwa hatafuti kesi iondolewe. Anataka mashahidi wasifike, ahirisho la mwisho likataliwe, kesi ifungwe ikiwa tupu. Kwenye gazeti yote mawili yanaonekana sawa. Isitoshe, Katiba, ibara ya 157, inakataza Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma kuondoa kesi bila idhini ya mahakama. Maana yake kila kesi iliyoondolewa ina siku ambayo sababu ilitolewa mbele ya hakimu, na hakimu akaikubali. Sababu hiyo imeandikwa. Ni mara ngapi tumeisoma gazetini?

Kuhusu kesi za kumpeleka mtu nje, tutasema machache. Kwa Marekani hutumika Sura ya 76 ya sheria zetu pamoja na mkataba wa mwaka 1931, uliotiwa saini na Waingereza wakati Kenya ni koloni. Hakimu haamui kama mtu ana hatia. Anaangalia kama aliye mbele yake ndiye anayetakiwa, kama kosa ni kosa pia kwetu, na kama ushahidi uliotumwa unatosha kumfungulia kesi. Ni kazi ya wiki kadhaa. Inageuka ya miaka pale ombi la kikatiba linapopelekwa Mahakama Kuu na kesi ya chini kusimamishwa, halafu ombi lenyewe linaanza kuahirishwa. Njia ya kuwapakia watu kwenye ndege shauri likiwa halijaisha hatuitetei. Serikali inayoruka mahakama kwa mhalifu leo itairuka kwa raia mwema kesho. Dawa yake ni kuzipa kesi hizi hakimu maalumu na tarehe zinazofuatana siku kwa siku.

Msidhani haya ni ya Afrika peke yake. John Gotti, bosi wa mafia wa New York, alishinda kesi tatu, mwaka 1986, 1987 na 1990, na baadaye ikathibitika kwamba katika ile ya 1987 mjumbe mmoja wa baraza la wazee wa mahakama alihongwa dola 60,000. Alipatikana na hatia mwaka 1992, safari hii wajumbe wakiwa wamefichwa majina na sauti za Gotti mwenyewe zikichezwa mahakamani. Sicilia, Italia, nako bosi wa mafia Matteo Messina Denaro alitoroka miaka 30. Aliyempata hakuwa mpelelezi aliyemfukuza barabarani. Polisi waliokuwa wakitega vinasa sauti nyumbani kwa dada yake walikuta karatasi iliyofichwa ndani ya mguu wa kiti, ikieleza ugonjwa wa mtu fulani mwenye saratani. Wakachukua kumbukumbu za wagonjwa nchini Italia, wakachuja kwa umri, aina ya ugonjwa na tarehe za upasuaji, wakabaki na majina machache. Mmoja wao, siku anayodaiwa kupasuliwa, alikuwa mahali pengine. Jina lake lilikuwa limeazimwa. Tarehe 16 Januari 2023 walimkamata mwenye ugonjwa katika kliniki mjini Palermo. Ni makaratasi yaliyompata.

Na Italia ilijifunza jambo jingine ambalo kwetu lipo kwenye sheria ila halina nguvu. Mwaka 1982, baada ya mbunge Pio La Torre kuuawa mwezi Aprili na Jenerali Carlo Alberto dalla Chiesa mwezi Septemba, Bunge lilipitisha sheria ya kuifanya mafia yenyewe kuwa kosa na kuruhusu mali zake zitaifishwe. Sisi tuna sheria ya mwaka 2009 ya mapato ya uhalifu. Shirika la kurejesha mali linaweza kwenda Mahakama Kuu kudai nyumba, gari au akaunti hata kama mwenyewe hajahukumiwa, na kiwango cha ushahidi ni cha kesi ya madai, chepesi kuliko cha jinai. Tatizo ni saa. Amri ya kuzuia mali ikishatangazwa katika Gazeti Rasmi, ina siku 90. Ombi la kutaifisha lisipowasilishwa ndani ya siku hizo, amri inakufa na nyumba inauzwa. Mara nyingi nyumba yenyewe iko kwa jina la shemeji au kampuni yenye wakurugenzi wawili wasiojulikana, hivyo siku 60 za mwanzo zinaliwa na kutafuta hati kwenye ofisi ya ardhi.

Kwa hiyo tunaomba gazeti lenu lifanye kazi ambayo haihitaji ujasiri wa pekee, ila daftari. Shehena ikikamatwa, mwandishi aulize uzito na kama ni pamoja na vifungashio, pakiti ngapi zimechukuliwa sampuli, na mtuhumiwa alikuwepo au hakuwepo. Kama mzigo ulikuwa kwenye kontena, aulize hati ya shehena imeandikwa kwa jina la nani na wakala wa forodha ni nani, maana dereva wa lori hajawahi kuagiza kontena. Kesi ikifunguliwa, nambari yake ichapishwe ili msomaji yeyote aweze kuifuata katika masjala. Ikiahirishwa, iandikwe nani aliomba na kwa sababu gani. Mtu akiachiliwa, kiandikwe kifungu. Amri ya kuzuia mali ikitoka, ihesabiwe siku ya 90 na kuandikwa kwenye kalenda ya chumba cha habari.

Mwanzo mzuri ungekuwa ukurasa mmoja kila mwisho wa mwezi, wa kesi zote za dawa za kulevya zinazozidi kilo moja katika mahakama za Mombasa, Malindi na Kwale: nambari, tarehe ya kukamatwa, mara ilizoahirishwa, tarehe ijayo.

Mawakili wawili, Mombasa