YAH: MADAFTARI YA DARASA LA AWALI NA MICHEZO YA WATOTO

Kwa wazazi na walezi wa darasa la awali,

Muhula wa kwanza unafungwa Ijumaa hii. Kabla watoto hawajarudi nyumbani na mikoba yao, naona ni vema nilijibu swali ambalo wengi wenu mmeniuliza getini: kwa nini daftari la mtoto lina kurasa chache zilizoandikwa, ilhali ada imelipwa na mtoto wa jirani, anayesoma kwingine, tayari ananakili irabu ukurasa baada ya ukurasa.

Mwezi Machi watoto walianzisha duka katika kona ya darasa, bila sisi kuwaagiza. Mmoja alikusanya vizibo vya soda akaviita pesa, mwingine akaleta magunzi na makopo, na siku ya pili wakagombana kwa kuwa muuzaji alirudisha chenji pungufu. Mwalimu wao hakuwaamulia. Aliwauliza tu watajuaje kama chenji imetimia, kisha akakaa pembeni akiandika anachokiona. Wiki mbili baadaye walikuwa wamekubaliana kwamba kopo la mchanga, yaani "unga", ni vizibo vinne, wametengeneza mizani ya kijiti na kamba, na mtoto ambaye Januari hakuthubutu kusema neno mbele ya wenzake ndiye aliyekuwa akinadi bidhaa. Hizo ni hesabu na lugha, ingawa hazina pa kuwekewa alama ya vema kwa kalamu nyekundu.

Kumwachia mtoto aongoze si kumwacha arandarande. Mwalimu huandaa kona na zana, huchagua wakati wa kuuliza na wakati wa kunyamaza, na kazi hiyo, nawaambia mimi niliyefundisha miaka mingi kwa kuitikisha darasa zima, ni ngumu kuliko kuandika ubaoni na kusema "someni". Nakiri pia kwamba tuna watoto 31 kwa mwalimu mmoja, wakati uwiano unaotakiwa ni 25, na siku nyingine hilo linaonekana.

Kuhusu kuandika, mtoto anayeshika penseli kwa ngumi hasaidiwi na kurasa zaidi. Vidole vyake hupata nguvu kwa kufinyanga udongo, kutunga shanga na kumenya karanga. Wanaodhani huu ni mtindo wa shule za matajiri wafahamu kwamba mtaala wa elimu ya awali wa nchi yetu unaelekeza mtoto ajifunze kwa michezo, na kwamba kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, kinautambua mchezo kuwa haki yake.

Badala ya daftari, kila mtoto ana faili lenye michoro yake na maelezo ya mwalimu. Tafadhali njooni Ijumaa asubuhi mlisome pamoja na mwalimu, na mtoto awepo, kwa sababu michoro mingine ni yeye tu anayeweza kuieleza.

Wakati wa likizo msiwatafutie masomo ya ziada. Waacheni wahesabu sahani, wapange nguo kwa rangi, wacheze na wenzao. Shule ikifunguliwa Julai, tunaomba kila mmoja aje na makopo, vifuu vya nazi au vipande vya vitambaa. Chupa za kioo na makopo ya dawa hatutayapokea.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu